Batoto ba Swima Habahesabiwe

Siku mwalimu Néhémie alituambia ati mizigo haihesabiwe, nilifunga kaye yangu ya kuandikia nikamuambia wazi: "Mwalimu, hapana. Hapo unatudanganya."

Tulikuwa bantu kumi na tano ndani ya kanisa moya ya Baraka, saa tisa ya muchana, mabati inatupika kichwa. Mwalimu Néhémie alikaa miaka kumi na moya ndani ya kambi ya bakimbizi kule Tanzania. Alirudia na Kingereza, radio moya, na Kiswahili ya Batanzania yenye ilikuwa inatuchekesha kila siku. Aligawa tabulo na mustari ya chaki. Kushoto, bintu bya kuhesabu: kiti, mbuzi, mutoto, mutumbwi. Kuume, bintu bya Kingereza byenye habihesabiwe: maji, sawa. Muchanga, sawa. Muchele, hapo nikaanza kukaa mubaya juu ya benchi. Kisha akaandika "luggage", na chini yake, mizigo.

"Bienfait, sikudanganyi," akasema. "Mzungu hasemi mizigo miwili. Anasema mizigo, basi."

"Mi ni motari, mwalimu, dereva wa pikipiki. Njo kazi yangu, kubeba mizigo. Mama Marthe wa Swima ananipakizaka beseni mbili ya ndagala, mufuko ya mihogo, na kuku moya ananing'inia pa gidon ya moto. Hiyo ni ine. Nikifika ku soko na tatu atanishika shati mbele ya bantu. Na we unasema haihesabiwe?"

Benchi zote zikacheka. Vanessa, mwenye anauzishaka unite za simu pa parkingi ya bamotari, akasema: "Mumuache jamani, kuku njo inamufundishaka hesabu."

Mwalimu hakucheka. "Beseni unahesabu. Mfuko unahesabu. Kuku unahesabu. Lakini mzigo wenyewe, hapana. Kitu kisichohesabika unakitafutia chombo, halafu unahesabu chombo. Mchele unahesabu kopo. Maji unahesabu bidoni. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Ila ni bujinga."

"Ni ujinga utakaokupa kazi. Fungua daftari."

Hapo nikafungua. Ju kazi njo nilikuwa natafuta, sikukuwa natafuta kitu ingine kule. Niliacha masomo mwaka ya tano ya primaire, vita ilitukimbiza, tulipotulia mwalimu wa pale masomo akasema nilipe deni ya miaka mbili, mama akacheka tu, ile kicheko ya kulia. Kutoka hapo ni moto. Na moto yenyewe si yangu, ni ya patro, tajiri yangu. Na patro alikuwa amekwisha kuniambia: mwisho ya mwezi wa saba anaipatia shemeji yake. Hakuniuliza. Alikuwa anakula muhindi wa kuchoma, akasema vile, akaendelea kula.

Sasa, pa biro ya shirika moya ya bageni balibandika karatasi. Banatafuta muntu moya wa kutembea na shefu wao, Madamu Tania, mwenye hajue Kifaransa wala Kiswahili. Muntu wa kutafsiri Kingereza, na anajua njia za bijiji bya pembeni ya ziwa, kule maji ilipanda ikakula manyumba. Chini ya karatasi iliandikwa: diploma si lazima. Ile maneno nilisoma mara ine. Nilisoma hata na kidole.

Basi nikakaza. Kila kitu nilikuwa nabeba, nilikuwa nauliza: hii ni kushoto ao kuume? Sukari, kuume. Yai, kushoto. Habari, kuume, eti habari nayo haihesabiwe, Kingereza iko na bichwa. Nilikuwa natukana Kingereza kutoka pa Baraka mpaka pa Swima, na bakiliya nyuma yangu banafikiri natukana barabara.

Siku ya egzamen ya ile kazi tulikuwa bantu makumi tano, bengine na makoti. Maulizo ya kwanza ilikuwa ile ile ya kushoto na kuume. Nikaandika kama muntu anapiga ngumi. Jioni babandika majina mbili tu: Henri, na mimi.

Henri anatoka Uvira, alimaliza iniversite, anavaa viatu byenye habijue udongo. Aliponiona pale pa karatasi akasema: "Ah, motari. Utanibeba mpaka kule ku kazi yangu?"

"Nitakubeba," nikamujibu. "Kurudia, utarudia na miguu."

Akacheka. Kusema kweli hakukuwa muntu mubaya. Alikuwa tu muntu mwenye hakuna muntu alimuambia hapana.

Madamu Tania alitupokea. Ni mwanamuke murefu, shingo yake ilichomwa na jua, anaongea haraka haraka. Alisema: alhamisi, Swima. Kila muntu anaanza upande yake ya kijiji. Karatasi iko na jina ya mwenye nyumba, na maulizo moya: batoto ngapi? Kisha kako kisanduku kadogo, kanaweza tu kuingia namba. Kufuatana na ile namba njo batatuma blanketi, unga na bashi za kujengea. "Mwenye kazi yake itakuwa nzuri," akasema, "njo anabaki na mi ku kazi." Alisema vile anacheka, alafu akatupatia biki mbili mupya za kuandika.

Alhamisi, Madamu akaenda na gari. Henri akapanda moto yangu. Njiani nikamuambia: "Ya Henri, sikia. Kule Swima mama haambiwe ahesabu batoto yake."

"Nini?"

"Batoto habahesabiwe na mudomo. Kwetu Babembe ni vile. Hata bale ba juu kule Minembwe, na ng'ombe zabo, ni vile vile, pa ile hatugombane. Ukitaja namba, kuna kitu inasikia, na itakuja kupunguza."

"Kitu gani?"

"Henri, ukijua jina yake si utaiita?"

Akacheka mpaka moto ikayumba. "Motari, Néhémie hakukufundisha? Mutoto iko kushoto!"

"Unauliza majina. Mama anakuitia majina, moya moya, we unahesabu ndani ya roho, mukono ndani ya mufuko ya suruali."

"Mukono ndani ya mufuko, na biki nashika na meno?"

Nikashika njia. Nilimuambia. Mungu ni shahidi, nilimuambia.

Swima ile tulikuta si ile nilijua. Nyumba za chini zote ziko ndani ya maji. Bantu bamefunga mitumbwi pa miti ya milango yabo wenyewe, ile milango yenye balikuwa banaingilia kukula. Jamaa ziko pa kiwanja ya masomo, chini ya bashi za zamani, moshi inatoka kila kona. Henri akachukua upande ya ziwa, mi upande ya barabara.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya Mama Marthe. Nilikuwa mbali kidogo, lakini niliona byote. Henri hakukaa. Hakuomba hata maji ya kunywa. Alisimama, akanyoosha biki yake mupya juu ya bichwa bya batoto: moya, mbili, tatu...

Mama Marthe aliruka kutoka pa mafiga na mwiko mukononi. "We! We kijana! Unahesabu batoto yangu sawa samaki ya mikeke pa soko? Nani alikutuma? Nani alikuzaa?"

"Mama, ni kazi tu. Uniambie, ni ngapi?"

Marthe akasukuma batoto nyuma ya bashi, bote, mudogo akaanguka akalia. Kisha akasema, na sauti ya kutemea mate: "Mbili. Andika mbili. Na utoke hapa."

Henri akaandika mbili.

Munajua vile habari inatembea kwetu? Mbele Henri afike pa bashi ya pili, habari ilikuwa imefika pa bashi ya kumi. Mama wa pili: mbili. Wa tatu: moya. Wa ine: mbili. Batoto bamefichwa, bengine chini ya beseni kubwa, bengine balikimbizwa mpaka pa mihogo. Na bamama banasimama, mikono kiunoni, banasema mbili. Ile ni uongo ya kulinda. Kila muntu Swima anaijua. Henri anaandika, anapinda karatasi, anaenda mbele. Kazi yake ilikuwa inatembea sawa maji.

Mi upande yangu: unasalimia. Unakaa juu ya kijiwe. Unauliza nyumba ilianguka siku gani. Kisha unasema, "Mama, kwako banaitwa nani?" Na mama anaanza. Anaita jina, anasema huyu alizaliwa mwaka ya kolera, huyu anafanana baba yake na kichwa nguvu, huyu hapende ndagala, eti ni mutoto wa wapi hapende ndagala. We unaandika jina ndani ya kaye, na mukono ya kushoto ndani ya mufuko inakunja kidole. Hakuna namba inatoka mudomoni. Inachukua saa. Sitadanganya, inachukua saa.

Saa sita Madamu Tania akatuita pa gari. Henri: jamaa makumi ine na tatu. Mimi: tisa.

"Tisa?" akasema.

"Tisa. Lakini Madamu, hesabu ya Henri ni uongo."

"Unajua aje?"

"Uangalie. Mbili, mbili, moya, mbili, mbili. Kijiji muzima!"

Akaangalia. Akainua mabega. "Jamaa zinaweza kuwa ndogo."

Jamaa ndogo, Swima! Nikataka kumueleza. Nikafungua mudomo, na Kingereza yangu ikaisha pale pale, sawa moto yenye esanse imekauka katikati ya mulima. Néhémie alinifundisha muchele, alinifundisha maji, hakunifundisha namna ya kusema ati kifo iko na masikio. Nikasema tu ile nilikuwa nayo: "Hapa, hapana hesabu batoto."

Madamu akaniangalia na huruma. Akasema polepole, sawa anaongea na kiziwi: "Bienfait. Batoto banahesabiwa. Ni somo ya kwanza kabisa."

Hakusema na ubaya. Hiyo njo ilinichoma zaidi. Angenitukana, ningejua pa kupeleka mikono yangu.

Kazi balipatia Henri. Kusema kweli hata Marthe aliponisikia nalia kazi alicheka: "Si ni vile, mwana wangu, bale bantu banapenda mwenye kupiga mbio."

Nikapanda moto mpaka kwa Néhémie. Alikuwa anapiga pasi shati mbele ya mulango, ile pasi ya makala. Nikamutupia kaye pa meza. "Kingereza yako hii. Kushoto, kuume. Kaa nayo."

"Ulikosa nini?"

"Sikukosa kitu! Njo ile inaniua! Nimefanya muzuri, na nimepoteza!"

Nikamueleza yote. Nilipofika pa ile ya mbili mbili, aliacha pasi juu ya shati mpaka ikaanza kunuka. Kisha akasema: "Kule kambini walipokuja kutuandika, mama yangu alisema mmoja. Tulikuwa watano. Akatuficha wanne nyuma ya kuni. Tumekula chakula cha mtoto mmoja miaka mitatu, Bienfait. Mimi na ndugu zangu."

"Na hamukusema?"

"Ningesimama mbele ya watu niseme mama yangu mwongo?" Akakunja shati na alama ya moto juu yake, akanirudishia kaye. Hakunitupia. Alinipa na mikono mbili. "Majina uliyoandika, ni ya watu. Usiyaache kwangu."

Nikatoka bila kusema asante. Sikukuwa na asante.

Bintu bya Madamu bilifika mwisho ya mwezi wa saba. Siku ile ilikuwa siku yangu ya mwisho na moto. Kesho yake shemeji ya patro anaichukua. Asubui Mama Marthe aliniita pa soko ya Baraka nimurudishe Swima mbio, ju balisema banagawa. Tukafika, nikakuta kamioni, mifuko ya unga, blanketi za kahawia zimepangwa, na bamama pa mustari murefu mpaka pa maji. Henri iko mbele na kofia ya shirika, anasoma liste ya majina.

"Marthe. Mbili."

Bakamupatia blanketi mbili na kamufuko ka unga. Kamufuko kale, kwa nyumba ya Marthe, ni uji ya siku tatu.

Alibaki pale. Aliangalia blanketi, akaangalia Henri, akaangalia blanketi. Kisha akazitupa chini pa viatu bya Henri. "Batoto yangu balale na zamu? Huyu usiku, huyu muchana?"

"Mama, ni we mwenyewe ulisema mbili!"

"Ulininyooshea biki juu ya bichwa yabo! Ningesema nini?"

"Ungesema kweli! Mulinidanganya, kijiji muzima! Sasa munanilalamikia!" Na Henri naye macho ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Alikuwa peke yake, na mustari ile ilikuwa imekwisha kuwa si mustari tena. Bamama bote bamepata mbili, moya, mbili. Rosette wa bashi ya mwisho, mwenye alizaa mapasa mara mbili, balimupatia blanketi moya. Alikuwa anaizungusha juu ya kichwa sawa bendera, anauliza nani atakuja kuikata vipande.

Madamu Tania akashuka pa kamioni. "Banasema nini?" akamuuliza Henri.

Henri akasema: "Banasema balidanganya."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mukubwa kupita zote. Mi nilikuwa juu ya moto, nimekunja mikono. Madamu akaniona. "Bienfait! Kuja!"

Sikuenda. Nilikuwa nafurahi, niseme wazi. Nilikuwa nasema ndani ya roho: mufundishe sasa ile somo yako ya kwanza, tuone. Lakini Mama Marthe akanisukuma mugongo na mikono mbili. "Kwenda umuambie. Kingereza ulijifunza ya nini, ya kusalimia mbuzi?"

Nikaenda. Madamu alikuwa na jasho mpaka pa kidevu. Nikamuambia, na ile Kingereza yangu ya bipande bipande, lakini sauti ilikuwa nguvu na hasira ilikuwa inanitafutia maneno: "Madamu. Muchele, hauhesabu. Unachukua kopo, unahesabu kopo. Njo vile?"

"Njo vile."

"Hapa, batoto ni vile vile. Hauhesabu mutoto. Unachukua jina. Unahesabu jina. Ndani ya kichwa, mudomo imefungwa. Henri alinyoosha biki, bakaogopa, bakaficha. Hii namba yako yote ni woga."

Akaangalia liste mukononi ya Henri. Kisha: "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilikuambia! Ulinijibu ati ni somo ya kwanza!"

Kila muntu alisikia ile sauti, hata benye habajue Kingereza. Dereva wa kamioni alishuka chini, akifikiri ni vita. Madamu hakurudia nyuma. Alipangusa uso na mukono ya shati. "Unaweza kurudilia? Kijiji yote? Leo?"

"Niko na tisa ndani ya kaye yangu. Ingine tutaandika."

"Henri ataandika, we utauliza. Ukifanya muzuri, Bienfait, kuanzia leo unabaki na mi ku kazi. Yeye atakuwa wa kuandika." Ile maneno aliisema mbele ya Henri.

Henri akaniambia na Kiswahili, polepole: "Mi licencié wa iniversite niandike, motari aulize?"

"Ukae pa kijiwe pale," nikamujibu. "Na biki, uishike na mukono. Meno tutaacha ipumuzike."

Tukaanza na Mama Marthe. Alikaa juu ya mufuko ya unga, batoto nyuma yake, banashika kikwembe. Madamu alisimama pembeni. Niliona ameingiza mukono ya kushoto ndani ya mufuko ya suruali. Hakuna mwenye alimuambia vile, aliniona tu mi nafanya vile.

"Mama, kwako banaitwa nani?"

"Adolphine," akasema Marthe. "Ule mukubwa, mwenye kichwa ya baba yake. Wilondja. Alimasi, mwenye anaiba sukari, unamujua. Dieumerci. Solange. Vanessa mudogo. Asende. Na huyu, Éliezer, bado ananyonya."

Pa Dieumerci nikamuangalia Marthe.

Swima yote inajua Dieumerci. Mwezi wa tatu, maji ilipoingia, ukuta ya jikoni ilimuangukia, maji ikamukokota. Nilimubeba na hii moto, ile asubui, mpaka hopitali ya Baraka, katikati yangu na mama yake, akifunikwa na kikwembe hii hii, na njia yote Marthe alikuwa ananiambia nisipige mbio, ati anaogopaka mbio. Tulifika. Tulirudia naye vile vile.

Henri alinyanyua macho. Hakunyoosha kidole, hiyo alikuwa amejifunza. Lakini aliangalia nyuma ya Marthe, akasema na Kingereza: "Majina ni munane, Madamu. Hapa bako saba."

Madamu naye aliangalia. "Bienfait? Majina munane, naona saba. Ngapi?"

Marthe hajue Kingereza. Lakini anajua uso. Aliniangalia, hakuniomba kitu. Alikuwa anangoja tu aone mudomo yangu itafanya nini na mutoto yake.

Na mi nilikuwa najua bizuri nini iko mbele yangu. Kazi iko pale. Kesho asubui sina moto, sina kazi, sina kitu. Saba ni neno moya, fupi, Néhémie alitufundisha siku ya kwanza.

"Munane," nikasema.

"Wa munane iko wapi?"

"Alikufa mwezi wa tatu. Maji hii hii. Mi njo nilimubeba."

Madamu akashika kichwa. "Pole. Pole sana. Lakini Bienfait, blanketi ni ya benye bako hai. Sema saba."

"Uliuliza mama iko na batoto ngapi. Iko na munane. Kama unataka kujua banalala bangapi, ni ulizo ingine. Uandike ulizo ingine pa karatasi yako, nitaiuliza muzuri, na heshima. Lakini mi kusimama hapa mbele yake nimupunguzie mutoto na mudomo yangu, hapana. Utafute mwingine. Henri huyu, aseme yeye."

Henri akaangalia biki. Akaangalia Marthe, mwenye alikuwa amemufukuza na mwiko. "Mi sitasema," akajibu, na Kiswahili, sawa ananijibu mimi.

 Madamu akanyoosha mukono, akachukua karatasi pa magoti ya Henri, akageuka mugongo, akaandika yeye mwenyewe. Hakusema namba. Alifunga mudomo kabisa. Kisha akaonyesha bapakizaji: blanketi saba, mifuko ya unga mikubwa. Nilichungulia. Ndani ya kisanduku aliandika saba.

Hasira haikuniisha. Niseme nini, ningefurahi? Alikuwa na haki na blanketi zake, na mi nilikuwa na haki, na Dieumerci hakuwa nayo. Nilitaka kumunyanganya ile karatasi nipasue. Lakini nyuma ya Marthe kulikuwa Rosette na mapasa yake, na nyuma ya Rosette mustari mpaka pa maji, na batoto balikuwa banaangalia unga. Nikasema tu, "Mwingine. Mama, kwako banaitwa nani?"

Tulimaliza jua inaanguka nyuma ya milima, mi nauliza, Henri anaandika, sauti imenikauka. Madamu alipanda gari, akafungua dirisha. "Jumatatu, saa moya, pa biro," akaniambia. Akangojea kidogo. "Na unisaidie kuandika ile ulizo ingine."

"Nitakuja," nikasema. 

Usiku bado haijaingia Mama Marthe aliniletea bintu byake pa moto, safari ya mwisho ya ile moto, kutoka pa kamioni mpaka pa bashi yake: blanketi zimefungwa pamoja, beseni zake, na kuku, ju kuku haikosaki. Nikatosha kaye yangu nimuonyeshe, ukurasa yake yenye niliandika mi mwenyewe kazi ilipoisha, majina chini chini na maandiko yangu mubaya ya mwaka ya tano. Hajue kusoma. Aliweka kidole pa mustari ya ine.

"Huyu ni nani?"

"Dieumerci."

Akaacha kidole pale. Kisha akapiga mugongo yangu. "Twende. Na usipige mbio."

Sikupiga mbio.